Habari Mbaya Kabla ya Chakula

Vijana wangu, mmenisumbua sana kwenye kundi letu la simu. Ati Madam Auma andika, Madam Auma usiende na hayo mambo kichwani. Kwani naenda wapi? Nimestaafu, sijafa, ingawa kuna asubuhi naamka hapa Dunga kando ya ziwa, sina gari la kunichukua wala mtu wa kumkaripia, na tofauti yenyewe siioni vizuri. Basi naandika. Wengine wenu mko Dubai, wawili mko Uholanzi mnalalamikia baridi kila wiki kana kwamba mlidanganywa. Hamkudanganywa. Niliwaambia mbebe soksi.

Nilikuwa nimekataa kabisa. Kilichonibadilisha ni maneno niliyoyasoma kwenye kundi hilo hilo juu ya Omondi, kwamba aliuza kiwanda akamuuza na mama yake. Aliyeandika hivyo hakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimesimama karibu naye, na maneno hayo yameniuma. Kwa hivyo nitaanza mwanzo, mnivumilie, watu wa umri wangu hatufiki mahali haraka.

Niliingia kiwandani nikiwa karani wa kupiga chapa. Nilitoka Maseno na vyeti vyangu kwenye bahasha na viatu vya kisigino nilivyoazima kwa binamu. Sasa, sakafu ya kiwanda cha samaki huwa na maji siku zote. Sikufika hata mlango wa ofisi. Niliteleza nikakaa chini pwaa, mbele ya meza nzima ya akina mama waliokuwa wakichuna ngozi za mbuta, wale sangara wa ziwani. Mmoja akaniinua kwa kwapa akasema, "Pole dada. Hapa ni samaki tu wanavaa vizuri, sisi tunavaa gambuti." Walicheka mpaka wakaweka visu chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe ya kunikaribisha kazini. Aliyeniinua ndiye mama yake Omondi, na Omondi mwenyewe wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Kanti, Mhindi wa hapa hapa Kisumu. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Dholuo chake kilikuwa safi kuliko changu. Alikuwa tajiri wa samaki ambaye hajawahi kuonja samaki maishani mwake, kwa sababu kwao hawali chochote chenye damu. Lakini akimbonyeza mbuta mgongoni kwa kidole gumba na kufunua mashavu yake, alikuwa anakuambia kama samaki huyo alilala botini bila barafu. Wageni wa ng'ambo walipomuuliza ladha yake ikoje, alinigeukia mimi. "Auma, waambie." Nami nawaambia ni tamu sana. Ndivyo nilivyoanza biashara ya kimataifa.

Mzee alikuwa na sheria moja ambayo wasomi hawakuipenda. Kila aliyetaka kuwa meneja, hata awe na digrii mbili, alianzia kwenye meza ya visu. Alivaa gambuti na aproni, akasimama na akina mama mpaka akaweza kutoa fileti bila kuacha nyama kwenye mfupa. Wengine waliacha kazi siku ya pili. Mzee alikuwa akisema, "Kule ng'ambo watakuuliza nani alimshika samaki huyu. Utasema nini? Utasema hujui?" Mimi pia nilisimama hapo, na kidole changu cha shahada bado kina alama.

Sasa niwaambie juu ya viazi, maana wengine mmeisikia nusu nusu.

Kuna mwaka kontena letu zima liliharibika njiani. Mashine ya baridi ilizimika baharini na hakuna aliyetuambia mpaka likafika karibu na bandari. Mnunuzi wetu, Mholanzi mmoja mrefu, alikuwa hajajua bado. Yeye alikuwa akimngojea Mzee kwa ziara ya kawaida. Mzee akanichukua nikaandike mazungumzo, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Tulipofika nyumbani kwake tulikuta meza imetandikwa, mke wake amepika, watoto wamevaa vizuri. Tukaombwa tuketi. Mzee akasimama tu nyuma ya kiti. Yule Mholanzi akamtazama, akajipiga paji la uso akakumbuka kwamba mgeni wake hali nyama. Alikimbia jikoni mwenyewe akarudi na bakuli la viazi, amefurahi kweli kweli. Mzee akatikisa kichwa. Viazi pia vikakataliwa! Nilitamani sakafu inimeze.

"Ndugu yangu," Mzee akasema, "samaki wako wameharibika wote. Wateja wako hawatapata kitu wiki hii. Sasa ukitaka bado nile, nitakula."

Mholanzi alitoka nje, akazunguka nyumba, tukamwona akipita dirishani. Aliporudi alikaa, akasukuma bakuli kwa Mzee. Tulikula viazi vilivyopoa.

Kwenye ndege nilimuuliza kwa nini hakungoja hata dakika kidogo. Akaniambia, "Auma, mtu akikulisha kwanza, halafu ndio umpe habari mbaya, atajiona mjinga kwa kila kijiko alichokupakulia. Mwambie kabla hajakupa kitu. Akikupa baadaye, amekupa akijua." Mholanzi yule alinunua kwetu mpaka mwisho wa maisha ya Mzee, na tulipomchoma Mzee hapa Kisumu kwa desturi ya kwao, alikuja akasimama juani na kofia mkononi. Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia kwa mjomba wangu, na nyumbani walininunia kwa hilo.

Watoto wa Mzee hawakutaka samaki. Walikiuza kiwanda kwa kampuni kubwa yenye makao makuu Ulaya na viwanda nchi nyingi, na hiyo kampuni ikaja na mpango wa kulea viongozi wa dunia. Niliitwa nikaambiwa mimi ndiye nitakayewachagua vijana wa Kisumu na kuwatayarisha. Walileta wakufunzi wenye michoro ya rangi. Ukijibu maswali wanakuambia wewe ni mtu wa bluu au mtu wa manjano. Mimi nilitoka mwekundu, na kwa kuwatazama nilijua wameogopa kidogo.

Sikuwakataa. Kuna mambo mazuri walituletea. Lakini mambo mengine ilibidi niyatengeneze mwenyewe. Mnakumbuka ile simu ya mezani yenye kukwaruza? Niliwafungia mmoja mmoja chumbani nayo, mkazungumza na wenzetu wa Vietnam bila kuwaona, nikawauliza baadaye: alinyamaza wapi, na kwa nini? Mlinichukia. Lakini mnajua yaliyotupata kabla ya hapo. Kijana wetu mmoja alimsifu mnunuzi wa Kijapani kwa ile sauti yetu ya ziwa, mkono hewani, meza ikigongwa. Mjapani alirudi hotelini akaandika kwamba ametukanwa. Msichana mwingine alikaa Thailand akisikia "ndiyo, ndiyo" kila siku na hakuna kilichofanyika, akanipigia akilia, "Madam, hawa watu wananikubalia tu!" Nikamwambia, mama, hata hapa Kondele ukimwuliza fundi kama nguo itakuwa tayari Ijumaa, si anasema ndiyo? Ulimwamini lini? Basi akatulia.

Omondi aliletwa kwangu akiwa na digrii yake kutoka hapo Maseno na tai nyembamba shingoni. Nilikuwa nimepigania ile sheria ya meza isifutwe, na wakubwa waliniachia ili ninyamaze. Meza iliyokuwa na nafasi ni ya mama yake. Nilimwuliza kama anataka nyingine. Akasema, "Hapana Madam, si ni kazi tu." Alivua tai akaifunga kwenye mfuko wa suruali. Dakika chache baadaye nikasikia mama yake kutoka mbali, sauti imejaa ukumbi: "Omondi! Huyo samaki amekukosea nini? Unamuua mara ya pili?" Meza zote zikaangua kicheko, naye akacheka pia, na kutoka siku hiyo akina mama walimchukua akawa mtoto wa wote. Mimi nilifurahi kwa sababu ninajua kijana anayeweza kuchekwa na mama yake mbele ya watu hatasumbuliwa na mkutano wowote.

Alikuwa bora kuliko nyinyi wote, msikasirike. Alisikiliza. Alikuwa na tabia ya kurudia swali la mtu polepole kabla ya kulijibu, na Waasia walimpenda kwa hilo. Siku alipoondoka kwenda matawi ya ng'ambo, akina mama walitoka nje na aproni zao mpaka geti, na mama yake hakulia mpaka gari lilipopinda. Nilimshika mkono. Aliniambia, "Sasa huyu ni wako." Nikamwambia ni wetu.

Huko alipita tawi hadi tawi, na mimi sitawahesabia vyeo. Alinipigia karibu kila mwezi. Kadiri miaka ilivyokwenda sauti yake ilizidi kuwa tulivu, utulivu wa mtu ambaye hawezi kusema kila anachokijua. Nilikuwa nimemfundisha utulivu huo mimi mwenyewe, lakini ukiusikia kwa mtoto wako unaumiza.

Na huku ziwani samaki walikuwa wakipungua. Hilo hamhitaji mimi niwaambie. Malori ya samaki ya Usenge na Mbita yaliyokuwa yakipanga foleni mpaka barabarani yalianza kuja nusu, mengine hayakuja. Gugu maji likifunga gati, wavuvi wanakaa. Mashine ya barafu ilikuwa inatengeneza barafu ya samaki ambao hawapo. Akina mama wa Obunga, wale wanaonunua mifupa ya mbuta tunayoiita mgongo wazi wakaikaanga na kuiuza jioni, walikaa nje ya geti na beseni tupu wakiniuliza, "Madam, leo je?" Nami nasema ngojeni kidogo. Nilisema ngojeni kidogo mpaka nikaona aibu kupita geti hilo.

Ndipo ikaja habari kwamba Omondi anakuja. Si kwa skrini, yeye mwenyewe, pamoja na wageni wawili wa makao makuu. Ofisini hatukuambiwa sababu. Lakini akina mama hawakuhitaji kuambiwa, walijiambia wenyewe. Mtoto wetu ameletwa awe bosi wetu! Kwa nini tena atoke Ulaya mwenyewe? Yeye anajua samaki, atajua la kufanya. Mama mmoja alianzisha, wote wakachanga, na asubuhi ya siku hiyo kantini yote ilinukia. Samaki ngege wa kukaanga, nyama kavu ya kuchemsha kwa maziwa, mboga chungu, ugali wa wimbi. Mama Omondi alikuwa amesuka nywele Kondele na amevaa gauni la kijani alilolichagua sokoni Kibuye, fundi akalipunguza kiuno. Aliniuliza kama limembana. Nikamwambia amependeza, na ni kweli alikuwa amependeza.

Omondi alipoteremka garini walimpokea kwa vigelegele na nyimbo. Alikumbatiwa na kila mtu. Lakini nilipomsogelea niliona macho yake, nikamvuta kando, kwenye ule ujia wa chumba cha baridi. Mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye sauti ya upole, alitufuata.

"Madam, wanapika nini?" Omondi aliniuliza.

"Wanakupikia wewe. Wanasema umeletwa kuwa bosi."

Aliegemea mlango wa chuma. "Nimekuja kufunga."

"Kufunga nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Yote. Mwisho wa mwezi. Walitaka niseme kwenye skrini, matawi yote yakisikia pamoja. Nikawaambia Kisumu nitaenda mwenyewe."

Nilikuwa natazama gambuti zangu. Yule mama wa Kizungu akasema, na alisema kwa nia njema, kwamba ratiba ina chakula kwanza na hotuba baadaye. Wape saa moja ya furaha, akasema, watakuwa na siku nyingi za kuhuzunika. Nami, vijana wangu, mimi niliyewasimulia habari za viazi mpaka mkachoka, niliona anasema kweli.

"Waache wale, Omondi," nikamwambia. "Saa moja tu. Mama yako amesuka nywele."

"Na Mzee Kanti?"

"Mzee Kanti alikuwa anamwambia mfanyabiashara. Hawa ni mama zako."

"Si ndiyo maana, Madam," akasema. Akafuta uso kwa leso, akaniuliza kama uso uko sawa, kama mtoto anayetoka kwenda shule. Nikamwambia uko sawa.

Tuliingia kantini. Walimketisha kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe. Hapa kwetu mtoto wa nyumbani hunawa mwenyewe pale nje, anayemwagiwa maji ni mgeni. Lakini siku hiyo ilikuwa ya furaha, na mama yake akatokea na jagi na beseni na taulo begani, akitembea kwa madaha ili watu wacheke. "Leo tu," akasema kwa sauti, "leo tu ndio mgeni wetu. Kesho ataosha masufuria!" Watu wakashangilia. Akainama na beseni.

Omondi akamshika kifundo cha mkono. "Bado, Mama."

Akasimama. Akangoja nyimbo zinyamaze, na zilichukua muda kunyamaza, kwa sababu wa nyuma hawakuwa wanaona. Hakusema Kiingereza, hakutoa karatasi. Alisema kwa Dholuo, mama yake akiwa pale pale ubavuni na jagi mkononi.

"Mama zangu, nisikieni kabla sijala chakula chenu. Sikuja kuwa bosi wenu. Nimekuja kuwaambia kiwanda kinafungwa mwisho wa mwezi huu, na hakitafunguliwa tena. Samaki hawatoshi. Ilipoamuliwa nilikuwa mmoja wa walioketi mezani. Nilipinga, nikashindwa, na sahihi iliyo chini ya barua ni yangu. Mmepika bila kujua. Anayetaka kubeba chakula chake arudi nacho nyumbani, akibebe, mimi sitaona vibaya."

Mashine ya barafu ilisikika ikidondosha barafu ndani ya pipa. Mtu mmoja akauliza, "Anatania?" Kisha mama mmoja wa meza ya pili akaanza kulia kwa ile sauti ya matanga, mwenzake akamvutia kifuani. Nilitafuta mahali pa kushika, nikashika mgongo wa kiti. Nimefiwa mara nyingi, lakini sijawahi kufiwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja.

Mama Omondi hakulia. Alikuwa amemkazia macho mwanawe. Alikuwa amesimama kwenye meza hizo tangu akiwa msichana, na karo ya huyo aliyekuwa akisema ilitoka hapo.

"Na wewe," akamwuliza, si kwa ukali, "kazi yako ipo?"

Yule mama wa Kizungu alininong'oneza, anauliza nini? Sikumtafsiria. Omondi alinyamaza, na mimi ninayejua kunyamaza kwake nilijua anatafuta uongo mdogo wa kumpa mama yake, na kwamba hataupata.

"Ipo, Mama."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa saa.

"Basi leta mikono," akasema, "mgeni wetu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Omondi akaketi, akanyoosha mikono. Mama yake akamwagia maji polepole, akamfuta kwa taulo kidole kwa kidole, akampakulia yeye mwenyewe ngege mkubwa kuliko wote, akasimama kando yake. Naye Omondi akala. Machozi yalimshuka mpaka kwenye ugali na bado akala, kwa sababu mama yake alikuwa hajaondoka pale. Sisi wengine tulikaa mbele ya sahani zetu tukimtazama, na hakuna aliyenawa.